Mume wangu anavuta sigara. Je, mwanangu wa darasa la sita naye atavuta?

SWALI: Shikamoo daktari. Ninaishi Morogoro, nina watoto watatu. Mume wangu anavuta sigara kama nane kwa siku. Mdogo wake wa miaka 19, ambaye tunaishi naye, anavuta pia ingawa kwa kujificha. Mtoto wangu mkubwa ni mvulana wa miaka 12, yuko darasa la sita. Wiki iliyopita nilimsikia kibarazani akibishana na wenzake. Mmoja alisema mwalimu amewafundisha kwamba sigara inaua. Mwanangu akamjibu, "Mbona baba anavuta kila siku na hajawahi hata kulazwa?" Nilipomweleza mume wangu, alisema watoto wanaharibiwa na makundi ya mtaani, siyo nyumbani, na kwamba yeye mbona anamkataza. Mimi nimekulia Urambo, ada yangu ya shule ilitoka kwenye tumbaku ya baba, kwa hiyo hata kuisema vibaya huwa nasita. Naomba unisaidie: anachokiona nyumbani kinaweza kumfanya avute? Na je, nizungumze na mwalimu wake?

JIBU: Marahaba, mama. Mwanao hakufanya utundu pale kibarazani. Alikuwa anapima ushahidi alio nao. Mwalimu amesema sigara inaua, lakini kila siku anamwona baba akiamka, akienda kazini, akirudi na kucheka na wageni. Mtoto wa miaka 12 akilazimika kuchagua kati ya daftari na macho yake, ataamini macho. Na kwa bahati mbaya tumbaku ina tabia ya kuchelewesha deni lake. Saratani ya mapafu na magonjwa ya moyo yanayotokana nayo huja baada ya miongo kadhaa ya kuvuta, wakati mtoto aliyekuwa anatazama amekwisha kuwa mtu mzima na pengine amekwisha kuanza yeye mwenyewe.

Jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo. Anachokiona nyumbani kinaongeza uwezekano wa yeye kuvuta, na kinamjenga kimawazo miaka mingi kabla hajashika sigara ya kwanza. Lakini uwezekano kuongezeka hakumaanishi kwamba yamekwisha kuandikwa. Na baba yake, hata akiwa bado anavuta, ana nafasi ya kumkinga ambayo akina baba wengi hawajui kwamba wanayo. Nitafika huko.

Kwanza hoja ya mume wako, maana ina ukweli ndani yake. Ni kweli vijana wengi hupata sigara ya kwanza kwa wenzao, siyo kwa wazazi. Wanapeana kipisi nyuma ya vyoo vya shule, au mmoja ananunua sigara moja na wanne wanaivuta kwa zamu. Ila tuangalie ule mkono unaponyoosha kipisi kwa mwanao. Mtoto aliyekulia nyumba isiyo na sigara atakutana na kitu kigeni chenye harufu mbaya. Mwanao atakutana na harufu ya shati la baba yake. Anajua inavyoshikwa kati ya vidole viwili, anajua majivu yanavyokung'utwa, anajua inavutwa baada ya kula na kabla ya kulala. Kundi la mtaani linamkuta amekwisha kuandaliwa, na maandalizi hayo hayakuhitaji mtu yeyote wa nyumbani amwambie avute.

Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti 58 zilizowahi kufanywa kuhusu jambo hili, nyingi zikiwa za Ulaya na Marekani, wakazipima kwa pamoja. Nitaziweka hesabu zao kwa mfano ili zieleweke. Tuseme kati ya watoto 100 wa nyumba zisizo na mvutaji, 10 wangeanza kuvuta. Kwa kiwango walichokipata, kati ya watoto 100 ambao baba anavuta wangeanza kama 16. Mama akivuta, kama 20. Wazazi wote wawili wakivuta, kama 23. Na mtoto ambaye kaka au dada yake anavuta yuko kwenye 20, yaani juu kuliko yule ambaye baba tu ndiye anayevuta.

Namba hiyo ya mwisho naomba uitazame vizuri, kwa sababu katika nyumba yako ninayemhofia zaidi ni yule baba mdogo wa miaka 19. Baba kwa mtoto ni mtu mzima, yuko mbali, ana mambo yake. Kijana wa miaka 19 ndiye mtu ambaye mvulana wa miaka 12 anataka kuwa. Anaiga anavyonyoa, anavyotembea, timu anayoshabikia, maneno anayotumia. Na kuvuta kwa kujificha hakumfichi kwa mtoto. Watoto ndio wanaojua nani anavuta nyuma ya bafu kabla wakubwa hawajajua, na siri hiyo inakuwa na ladha yake. Siku kijana akimwambia "usimwambie mama", wamekwisha kuwa na jambo lao wawili, na kutoka hapo kwenda "onja kidogo" hakuna safari ndefu. Mazungumzo mtakayofanya lazima yamhusishe yeye, na azungumze naye mume wako, faraghani, kama kaka na mdogo wake. Asiambiwe tu aache. Aambiwe wazi kwamba yeye ndiye kioo cha mtoto, na kwamba asimpe, asimtume, wala asivute naye akiwa karibu.

Sasa niulize jambo ambalo hukulitaja: nani huenda dukani?

Katika nyumba nyingi ninazofika, mambo huwa hivi. Baba amekaa kibarazani jioni. Anaita, "Kaniletee mbili kwa Mangi." Mtoto anakimbia na sarafu. Mangi hamuulizi kitu, anamjua ni mtoto wa nani na anaijua aina ya sigara, anachomoa mbili kutoka kwenye pakiti iliyofunguliwa. Mtoto anarudi nazo kiganjani. Baba anasema, "Niwashie hiyo moja jikoni." Mtoto anachuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anasukuma ncha ya sigara kwenye kaa, na isiposhika vizuri anaiweka mdomoni na kuivuta kidogo ili iwake. Watoto wengi wamenieleza kwamba hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kuvuta, ndani ya jiko la mama yao, wakiwa wametumwa. Wala hawaioni kama kosa, kwa sababu wamefundishwa kutii, na walikuwa wanatii.

Kupitia kazi hiyo ndogo mtoto anajifunza kwamba sigara ni mahitaji ya nyumbani, iko kundi moja na chumvi na sukari. Somo la namna hiyo huanza mapema mno. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti wa watoto 120 wenye umri wa miaka 2 hadi 6. Walipewa wanasesere na duka la kuchezea lenye bidhaa nyingi, wakaambiwa wacheze kama watu wazima wanaonunua vitu vya nyumbani. Zaidi ya robo ya watoto hao walinunua sigara, na wale ambao wazazi wao wanavuta walikuwa na uwezekano wa kuinunua karibu mara nne zaidi. Hawakuwa wamefika hata darasa la kwanza.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na hili lifanyike leo bila kusubiri mjadala mwingine: mtoto asitumwe tena sigara, asiwashe sigara, asibebe kiberiti cha kuwashia sigara wala kumwaga majivu. Hapa sheria iko upande wako. Sheria ya Tanzania ya udhibiti wa bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Kenya inakataza pia kwa sheria yake ya 2007, na Uganda imepandisha umri hadi miaka 21 kwa sheria ya 2015. Pita kwa Mangi mwenyewe, mwombe kwa heshima asimpe mwanao sigara hata akisema ametumwa na baba. Wauza maduka wengi wana watoto pia, na ukiongea nao bila kufoka wanaelewa.

Jambo la pili ni kauli ya "mimi namkataza". Nakubali kwamba baba anamkataza, na kukataza kuna kazi yake. Shida ni sababu inayotolewa. Kauli inayosikika mara nyingi ni "hii ni ya wakubwa". Mvulana wa miaka 12 anakaribia balehe. Kila siku anatafuta alama ya kuonyesha kwamba ameacha utoto, na hapo tumempa alama yenyewe mkononi, inauzwa moja moja, kwa sarafu anazopewa za andazi. Sigara isiitwe ya wakubwa. Iitwe kwa jina lake, uraibu, na baba ndiye mtu anayeweza kulieleza hilo kuliko daktari yeyote.

Huko Marekani, watafiti wawili, Christine Jackson na Denise Dickinson, walifanya kazi na wazazi waliokuwa wanavuta, wenye watoto wa miaka saba na nane. Hawakuwadai waache kwanza. Waliwapelekea nyumbani vijitabu na shughuli za kufanya na watoto wao: kuzungumza juu ya uraibu, kuweka kanuni za nyumbani, kumwandaa mtoto kukataa anapopewa. Kundi jingine la wazazi wanaovuta lilipewa maelezo ya kawaida tu. Miaka mitatu baadaye, walioanza kujaribu sigara katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 12, na katika kundi la pili asilimia 19. Ninalipenda sana tokeo hili, kwa sababu nimewaona akina baba wengi wanaonyamaza kwa aibu. Wanajiona hawana haki ya kusema kwa kuwa wao wenyewe wanavuta. Ukimya wao mtoto anausoma kama ruhusa.

Mume wako aseme nini? Asihutubie. Achague saa wako wawili, labda wanatengeneza baiskeli au wanarudi sokoni, aseme kitu kama hiki: "Mwanangu, nilipoanza nilidhani nitavuta nikitaka na kuacha nikitaka. Sasa nikiikosa asubuhi nakuwa mkali bila sababu, na wewe umeniona hivyo. Nimejaribu kuacha nikashindwa. Sitaki likupate." Maneno yawe yake, na yawe ya kweli.

Hapa ndipo linapojibika lile swali la mwanao la "hajawahi kulazwa". Usibishane naye, kwa sababu amesema kweli. Mwambie, "Ni kweli, baba hajalazwa, na tunamshukuru Mungu." Kisha mfundishe kuona kile kilichopo tayari. Mtoto anatafuta ugonjwa, na ugonjwa bado hauonekani, lakini uraibu unaonekana kila siku. Kile kikohozi cha asubuhi. Arosto, ile hali ya kuteseka akiikosa, inayomfanya baba atoke nje usiku wa mvua kutafuta duka lililo wazi. Basi la Dodoma likisimama, wengine wanashuka kula, yeye anashuka kwanza kuwasha. Mpe pia hesabu, darasa la sita anaiweza: sigara 8 mara siku 365 ni sigara 2,920 kwa mwaka. Azidishe mwenyewe kwa bei ya dukani, aone kiasi gani, halafu akueleze hela hiyo ingenunua nini. Mpe na ukweli wa Shirika la Afya Duniani, kwamba tumbaku huua hadi nusu ya wanaoitumia bila kuacha. Afahamu pia kwamba kuvuta kidogo si kinga: hata sigara moja kwa siku inabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba anayevuta ishirini.

Kuna wazo jingine linalojengeka kimyakimya kichwani mwa mtoto wa nyumba yenye wavutaji. Baba anavuta, baba mdogo anavuta, marafiki wa baba wanaokuja kucheza bao wanavuta, basi wanaume wanavuta. Anaamini ndivyo dunia ilivyo. Mwambie namba: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wazima wanaotumia tumbaku Tanzania, ya kuvuta na isiyo ya kuvuta, ni asilimia 8.7. Kwa wanaume peke yao ni asilimia 14.6. Yaani wanaume saba wakisimama mstarini, sita hawatumii. Watoto wakisikia hivyo hushangaa kweli, na mshangao huo unasaidia kuliko picha za mapafu meusi. Mtajie na watu anaowaheshimu wasiovuta: mjomba wake, kocha wake, shehe au mchungaji wenu.

Kuhusu moshi, nyumba iwe na kanuni moja isiyo na mgeni: havuti mtu ndani. Kufungua dirisha au kuvutia mlangoni hakutoshi, moshi unarudi na kukaa kwenye mapazia, godoro na nguo. Una watoto wengine wawili wadogo, na moshi huo wa tumbaku wenye kemikali zaidi ya 7,000 unawaongezea pumu, homa ya mapafu na maambukizi ya masikio. Avute nje, mbali na mlango, abadilishe shati na kunawa kabla ya kumbeba mdogo. Kanuni hiyo ina faida nyingine ya kimalezi. Mtoto anamwona baba, mwenye nyumba, akitolewa nje na sigara. Heshima ya sigara inashuka machoni pake bila heshima ya baba kuguswa.

Na tafadhali, heshima ya baba usiiguse. Mama akimdhihaki baba mbele ya watoto kwa ajili ya sigara, mvulana humtetea baba yake, na akimtetea baba anaitetea na sigara. Mambo yenu malizeni chumbani.

Zungumza pia na mwanao peke yake, na uanze kwa kumuuliza. Ameona nini shuleni? Amewahi kupewa? Amewahi kujaribu? Akikubali kwamba amejaribu, usimpige. Najua wengi tulilelewa kwa fimbo, lakini mtoto aliyepigwa kwa kusema kweli mara ya pili hasemi, na hapo umepoteza mlango pekee uliokuwa wazi. Mwulize alijisikiaje, alikuwa na nani, kwa nini alikubali. Baadhi ya vijana huanza kuonyesha dalili za uraibu ndani ya wiki chache za kuvuta mara mojamoja, maana ubongo wao bado unakua na nikotini inauzoea haraka. Kwa hiyo kugundua mapema kuna faida kubwa. Fanyeni mazoezi ya kukataa, maneno mafupi ya kitoto anayoweza kuyasema bila kuonekana mwoga: "Sivuti bwana, nina mechi kesho." Inaonekana kama mchezo, lakini mtoto aliyewahi kulitamka neno nyumbani hulipata mdomoni akilihitaji.

Kubwa kuliko yote ni baba kuacha. Utafiti mmoja wa muda mrefu wa jimbo la Washington uliwafuatilia watoto kutoka darasa la tatu hadi mwisho wa sekondari. Pale ambapo wazazi wote wawili waliokuwa wavutaji waliacha kabla mtoto hajamaliza darasa la tatu, uwezekano wa mtoto kuwa mvutaji wa kila siku ulikuwa chini kwa karibu asilimia 40, ukilinganisha na nyumba ambazo wote wawili waliendelea. Wako ana miaka 12, amekwisha kuupita umri huo, lakini bado una wadogo wawili, na kuacha kuna faida kwa baba mwenyewe wakati wowote: baada ya mwaka mmoja hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inakuwa imeshuka kwa takribani nusu. Achague tarehe, aitangaze nyumbani, atoe sigara na viberiti vyote ndani. Siku tatu za kwanza ndizo kali, kisha makali yanapungua katika wiki mbili hadi nne zinazofuata. Hamu ikija hudumu dakika chache, anywe maji, atembee, atafune karanga au muwa. Kama sigara yake imeshikamana na kahawa ya kijiweni, kwa mwezi mmoja anywe chai nyumbani. Aende kituo cha afya aseme wazi kwamba anataka kuacha. Aulize pia duka la dawa kama wana ubani wa kutafuna au plasta za kubandika zenye nikotini, za kumsaidia kuacha. Akirudia asijifiche. Wengi huacha baada ya kujaribu mara kadhaa, na mtoto akiona baba anahangaika kuacha anaelewa uraibu ni nini kuliko somo lolote.

Kuhusu Urambo, mama, usijisikie mnafiki. Baba yako alilima zao lililokuwa linanunuliwa ili wewe usome, na shukrani hiyo ni haki yake. Unaweza kuishika na bado ukamwambia mwanao kwamba jani lile lina nikotini, ambayo hata mkulima anayevuna majani mabichi yenye umande huingia kwa ngozi na kumletea kizunguzungu na kutapika. Pengine umeyaona hayo kwa macho yako ukiwa mtoto. Msimulie. Yeye ni mtu wa ushahidi wa macho, na wewe unao.

Mwalimu ndiyo, zungumza naye, lakini usiende kumshtaki mtoto. Mweleze kwamba nyumbani kuna mvutaji na mnalifanyia kazi. Mwombe mambo mawili. Kwanza, anapofundisha madhara ya sigara asiwaseme wavutaji kama watu wabaya, kwa sababu darasani mna watoto ambao mvutaji ni baba, na mtoto akisikia baba yake anatukanwa hufunga masikio kwa somo zima. Pili, afundishe uraibu pamoja na magonjwa, na awape watoto nafasi ya kuuliza swali kama lile la mwanao bila kuchekwa. Ukiona mwalimu ni mwelewa, mwambie akuarifu mapema akimwona mwanao na kundi la wanaojificha vyooni. Na mwende wawili, wewe na mume wako, kama atakubali.